Fedha za utafiti wa saikolojia na sheria: namna ya kuandaa ombi ukiwa Dodoma

Mtathmini akipokea andiko linalojiita la saikolojia na sheria, husoma ukurasa wa kwanza kisha hurukia bajeti. Huko anamtafuta mwanasheria. Akikuta fedha zote zimekwenda kwenye posho za wakusanya data, madodoso na mafuta ya gari, na mwanasheria amewekewa siku 3 za "ushauri wa kisheria", anajua ameletewa saikolojia tupu iliyovishwa joho la wakili. Kinyume chake nacho kipo: kurasa 10 za uchambuzi wa vifungu, halafu mwishoni sentensi moja kwamba mwanasaikolojia "atasaidia kuelewa mtazamo wa jamii". Maombi ya aina zote mbili huanguka hata mada ikiwa nzuri.

Kwa hiyo kazi ya kutafuta fedha inaanza mbali na fomu ya mfadhili. Inaanzia kwenye swali, halafu watu, halafu vibali, ndipo bajeti. Fomu ni ya mwisho.

Swali lisilojibika na upande mmoja

Andika swali lako kwenye karatasi. Mwondoe mwanasheria kichwani mwako, kisha jiulize kama utafiti bado unafanyika. Mrudishe, umwondoe mwanasaikolojia, jiulize tena. Jibu likiwa "unafanyika" mara yoyote kati ya hizo mbili, swali bado halijaiva kwa fedha za nyanja mbili.

Dodoma ina utajiri wa maswali ya namna hii kuliko miji mingi. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko hapa tangu 1927, na Taasisi ya Isanga iliyo chini yake hupokea watuhumiwa na wafungwa wanaohitaji uchunguzi au matibabu ya akili. Makao makuu ya Mahakama yapo hapa, Magereza wapo Msalato, Wizara ya Katiba na Sheria na ya Afya ziko Mtumba, na Bunge linalobadilisha sheria zenyewe liko mjini. Ukitoka nje kidogo unaingia kwenye vijiji vinavyozungumza Kigogo, Kirangi na Kisandawe, ambako shahidi anafikiri kwa lugha moja na kuhojiwa kwa nyingine. Mtafiti wa jiji lingine angelipia nauli za ndege kuyafikia haya yote. Wewe unayafikia kwa bajaji na basi, na jambo hilo liseme kwenye andiko lako waziwazi.

Tuchukue mfano mmoja tuutazame kwa karibu, yaani shahidi mtoto.

Kabla ya 2016 mahakama ilimhoji kwanza mtoto wa umri mdogo, yaani asiyezidi miaka 14, kupima kama ana akili ya kutosha na anaelewa wajibu wa kusema ukweli. Sheria Na. 4 ya 2016 ikarekebisha kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi. Sasa mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kabla ya kuanza aahidi kuiambia mahakama ukweli na kutosema uongo. Tangu hapo zimekuwapo rufaa ambamo ushahidi wa mtoto uliwekwa kando kwa sababu kumbukumbu za mahakama hazikuonyesha ahadi hiyo. (Ukinukuu kifungu, taja na toleo la sheria ulilotumia. Toleo la sheria zilizorekebishwa la 2023 limehamisha namba za baadhi ya vifungu, na mtathmini mwanasheria huliona kosa hilo upesi.)

Upande wa pili, Victoria Talwar, Kang Lee, Thomas Lyon na wenzao wameonyesha huko Kanada na Marekani kwamba mtoto akiombwa kuahidi kusema ukweli, uwezekano wa kudanganya hupungua. Wameonyesha pia kwamba uwezo wa mtoto kueleza tofauti ya ukweli na uongo hautabiri vizuri kama yeye mwenyewe atasema ukweli. Maana yake, mabadiliko ya 2016 yanaelekea upande ambao sayansi inaelekea. Lakini watoto waliopimwa hawakuwa wa Chamwino.

Neno "uongo" katika Kiswahili cha kila siku linabeba mambo mawili: kudanganya kwa makusudi, na kusema jambo lisilo sahihi. Mtoto akimsikia mwenzake amekosea siku ya mnada humwambia, "Uongo, mnada ni Jumamosi," wala hamtuhumu kwa lolote. Na "kuahidi", kwa mtoto wa miaka 7, ni neno la mtu mzima anayesema ataleta viatu vya sikukuu. Hakimu anapouliza "unaahidi kusema ukweli na kutosema uongo?", mtoto aliyekulia kwenye Kigogo anasikia nini hasa? Swali la utafiti linatoka hapo: je, ahadi hiyo, kwa maneno yanayotumika mahakamani leo, inapunguza uongo kwa watoto wa miaka 6 hadi 12 ambao Kigogo ndiyo lugha ya nyumbani? Ukimwondoa mwanasheria, hujui maneno yapi yatumike wala matokeo yaende kubadilisha nini. Ukimwondoa mwanasaikolojia, hupati jibu kabisa.

Yapo mengine ya kiwango hicho. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka hospitali itoe taarifa ya hali ya akili ya mtuhumiwa ndani ya siku 42 tangu alipowekwa chini ya uangalizi. Je, taarifa hizo zinajibu swali la kisheria la hali yake wakati wa tukio, au zinaeleza hali yake siku alipopimwa? Au utambuzi wa usiku: tangu shauri la Waziri Amani la 1980, mahakama zetu hupima umbali, mwanga, muda wa kumtazama mtu na kama shahidi alimfahamu kabla. Kila kipengele kati ya hivyo kinapimika kwa jaribio, kwa mwanga wa tochi ya simu na wa taa ya sola.

Ukubwa wa sampuli kabla ya ukubwa wa fedha

Hapa ndipo maandiko mengi ya nyumbani yanapobomoka, kwa sababu namba ya washiriki huandikwa kwa kukisia kisha bajeti ikajengwa juu yake. Fanya hesabu kwanza.

Tuseme watoto wasioombwa kuahidi watasema ukweli kwa asilimia 50, na walioahidi kwa asilimia 70. Kuitambua tofauti hiyo kwa nguvu ya takwimu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuigundua tofauti ikiwa kweli ipo) na kiwango cha 0.05 (uwezekano wa kuiona tofauti isiyokuwapo), unahitaji watoto 93 kila kundi. Ukitarajia tofauti ya asilimia 10 tu, yaani 50 dhidi ya 60, hitaji linapanda hadi 388 kila kundi. Ndiyo sababu mtathmini huuliza makadirio umeyatoa wapi. Jibu zuri ni majaribio madogo ya watoto 20 hadi 30 uliyoyafanya kwa fedha kidogo.

Kuna mtego mwingine ndani ya jaribio lenyewe. Mtoto anaachwa mwenyewe chumbani na boksi aliloambiwa asilifungue, kisha anaulizwa kama alichungulia. Asiyechungulia hana la kudanganya, kwa hiyo hahesabiki. Ukikadiria kwamba 8 kati ya 10 watachungulia, na kwamba asilimia 10 ya rekodi zitapotea kwa utoro au sauti mbovu, gawanya 93 kwa 0.8 kisha kwa 0.9. Unapata 130 kila kundi, watoto 260 kwa jumla. Wagawe kwa bahati nasibu ndani ya kila shule. Ukiigawa shule nzima kundi moja, watoto wa shule moja wanafanana, na sampuli inabidi ikue. Kwa watoto 26 kila shule na mfanano kati yao wa 0.02 tu (kwa kipimo cha 0 hadi 1), unazidisha kwa 1.5 na kufika 390.

Usikubali tamaa ya kulinganisha Kigogo, Kirangi na Kisandawe kwenye ombi la kwanza. Kupima kama ahadi inafanya kazi tofauti kati ya lugha mbili kunahitaji sampuli kubwa mara 4 hivi ya ile ya kupima kama inafanya kazi. Hilo ni ombi la pili, na litakuwa na nguvu likija na matokeo ya la kwanza.

Mwanasheria afanye kazi inayohesabika

Kwenye mfano wetu, upande wa sheria una kazi mbili zenye siku zake. Ya kwanza ni kusoma hukumu. TanzLII, maktaba ya sheria za Tanzania mtandaoni, inatoa hukumu za Mahakama ya Rufani na Mahakama Kuu bure. Chagua hukumu 150 za tangu 2016 zinazogusa ushahidi wa mtoto, tengeneza kitabu cha misimbo, yaani orodha ya mambo ya kurekodi kwa kila hukumu (ahadi ilichukuliwaje, kwa maneno gani, nani alitafsiri, ushahidi uliishia wapi), kisha wape hukumu hizo wasomaji wawili waliosoma sheria. Hukumu 30, yaani asilimia 20, zisomwe na wote wawili kila mmoja kivyake, kisha pima mwafaka wao kwa kapa ya Cohen, kipimo ambacho 1 ni mwafaka kamili. Ikiwa chini ya 0.70, kitabu cha misimbo kina maneno tata. Kirekebishe na urudie. Kwa dakika 45 kila usomaji (150, na 30 za mara ya pili), kazi yote ni saa 135, na kwa kuwa hakuna anayesoma hukumu kwa makini zaidi ya saa 5 kwa siku, weka siku 27.

Kazi ya pili ni kuhoji mahakimu 12 wa Jiji, Kongwa na Mpwapwa kuhusu maneno wanayoyatumia kweli. Saa 12 za sauti hugeuka saa 60 za kuandika, maana saa moja ya mazungumzo huchukua saa 4 hadi 6 kuinakili. Kama kuna Kigogo ndani yake, ongeza muda wa kutafsiri na wa mtu wa pili kurudisha tafsiri Kiswahili bila kuona ya awali. Bila kurudisha hivyo hutajua kama swali lililoulizwa kijijini ndilo lililoko kwenye andiko.

Sasa bajeti inamwonyesha mwanasheria akifanya kazi siku 40 na ushee, na upande wa saikolojia nao una siku zake. Timu mbili zenye watu wawili kila moja, watoto 6 kwa timu kwa siku, zinamaliza watoto 260 kwa siku 22. Ongeza siku 4 za akiba. Usijaribu kubana wahojiwe 10 kwa siku. Watoto wa mwisho watakuwa wamechoka na wamekwisha kuambiwa na wenzao siri ya boksi.

Kabla ya kuandika chochote, kaeni watafiti wakuu wawili na muandike ukurasa mmoja wa makubaliano: nani mwandishi wa kwanza wa makala ipi, data inahifadhiwa na nani, nani anasaini matumizi, nini kitatokea mmoja akihamishwa au kwenda masomoni. Wanasheria wamezoea kuandika peke yao, wanasaikolojia wamezoea majina matano kwenye makala moja. Ugomvi wa majina huvunja timu zilizokwisha kupata fedha, na inasikitisha kwa sababu ungezuilika kwa saa moja ya mazungumzo.

Fedha zilipo

Anza na ndogo. Vyuo vingi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Dodoma, vina kurugenzi ya utafiti inayotangaza fedha za ndani au kupeleka taarifa za wito wa maombi. Omba uwekwe kwenye orodha yao ya barua pepe. COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, husimamia Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ambao hutangaza wito kwa maeneo maalumu ya kipaumbele. Soma maeneo ya mwaka husika. Ikiwa haki ya mtoto au afya ya akili haimo, usiilazimishe iingie. Subiri wito mwingine, na tumia muda huo kupata vibali.

Kwa fedha ndogo za nje, American Psychology-Law Society, ambayo ni Kitengo cha 41 cha chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ina ruzuku kwa wanachama wake, wakiwemo wanafunzi. Chama cha SPSSI, kinachoshughulika na saikolojia ya masuala ya jamii, nacho kina ruzuku ndogo. Kote huko uanachama ni sharti la kawaida, kwa hiyo jiunge miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho, maana malipo ya kadi kutoka hapa hukwama. Barani kwetu kuna mashirika ya utafiti wa sayansi jamii, OSSREA yenye makao Addis Ababa na CODESRIA ya Dakar, ambayo kwa miaka mingi yamesaidia wanasayansi jamii vijana. Fedha za ngazi hii zinatosha majaribio ya watoto 30 na usomaji wa hukumu, na hicho ndicho unachohitaji mwanzoni.

Kwa fedha kubwa, chagua mfadhili kwa mada. Wellcome, taasisi ya Uingereza inayofadhili utafiti wa afya, imeweka afya ya akili kati ya maeneo yake makuu na hupokea waombaji wa taasisi za nchi za kipato cha chini na cha kati. Swali la taarifa za akili za watuhumiwa wa Isanga linakaa hapo vizuri. La ahadi ya mtoto halikai. IDRC, kituo cha Kanada cha utafiti wa maendeleo, inapenda utafiti unaoongozwa na taasisi za huku na wenye njia ya wazi ya kufika kwenye sera. Chini ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, taasisi ya Tanzania inaweza kulipwa kama mshirika kamili, lakini inaingia ndani ya kundi la taasisi za Ulaya. NSF, mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani, imekuwa na programu ya sheria na sayansi, ila mwombaji ni taasisi ya Marekani, wewe unakuwa mshirika. Fedha za misaada za serikali ya Marekani zilizokuwa zikija kupitia USAID usizitegemee, kwani shirika hilo lilivunjwa 2025.

Ukiingia kama mshirika wa taasisi ya nje, kataa kwa heshima kuwekwa kama "mratibu wa uwandani". Omba cheo cha mtafiti mkuu mwenza, sehemu ya bajeti inayosimamiwa na chuo chako, na jina lako kwenye uandishi wa swali. Omba kabla ya kutuma andiko. Baadaye huna tena la kuwabana nalo.

Vibali: miezi 4 hadi 6, wala usiibane

Mtumishi au mwanafunzi wa chuo kikuu hupata barua ya kibali cha utafiti kutoka kwa Makamu Mkuu wa Chuo, chini ya waraka wa serikali wa 1980. Barua hiyo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anayekuandikia wilaya, wilaya inaandikia kata, na kata kijiji. Usiruke ngazi. Mtendaji wa kijiji asipoona muhuri wa juu yake atakurudisha, na ana haki. Shule zina mlango wake kupitia mkurugenzi wa halmashauri na afisa elimu. Mtafiti raia wa nje lazima apate kibali cha COSTECH, na jina lake likikosekana hapo kazi nzima inasimama.

Maadili ni njia nyingine, inayokwenda sambamba. Peleka andiko kwenye kamati ya maadili ya chuo. Ukigusa wagonjwa wa Mirembe au Isanga, huo ni utafiti wa afya, na ukiwa na washirika wa nje panga kupitia Kamati ya Taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kwa mahakimu na majalada yasiyochapishwa, andika kwa uongozi wa Mahakama, ukieleza ni majalada gani, ya miaka ipi na utaficha majina vipi. Kwa wafungwa, ruhusa inatoka makao makuu ya Magereza. Wakuu wa gereza hawawezi kuitoa wenyewe hata wakikupenda.

Kamati zitauliza mambo haya, kwa hiyo yaandikie majibu mapema. Mzazi anasaini ridhaa, lakini mtoto naye anaulizwa na anaruhusiwa kukataa. Watu wazima wawili chumbani au mlango wazi, kila mtoto anapokuwa na mtafiti. Mtoto akifichua kwamba anafanyiwa ukatili, msaidizi wa utafiti afanye nini saa hiyo hiyo? Weka jina la cheo: afisa ustawi wa jamii wa kata au wilaya, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mfungwa anayehojiwa askari akiwa anasikia hajatoa ridhaa huru, kwa hiyo kubaliana na gereza kuhusu umbali ambao askari anaona lakini hasikii. Fidia iwe nauli na muda, isiwe kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kukataa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za watoto na za makosa ya jinai katika kundi nyeti. Hakikisha chuo chako kimesajiliwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kama sauti zitakwenda kwenye seva ya nje ya nchi, liandike hilo kwenye ridhaa na uombe kinachotakiwa. Njia nyepesi ni kupeleka nje maandishi yasiyo na majina na kuacha sauti Dodoma.

Kalenda na bajeti ya nchi kavu

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Januari hadi Machi watu wako mashambani, makorongo yanajaa na barabara za ndani hukatika. Na kuna jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa: mvua ikipiga bati la darasa, kinasa sauti hakisikii kitu kingine. Panga kazi ya uwandani Julai na Agosti, kabla ya mtihani wa darasa la saba wa Septemba. Miezi hiyo ina upepo mkali na vumbi, kwa hiyo nunua maikrofoni za kubana kwenye nguo zenye sponji, moja kwa kila timu na moja ya akiba, na mfuko wa plastiki wa kufungia vifaa jioni. Simu za wasaidizi zisitumike kurekodi. Ni nafuu, lakini sauti za watoto zitabaki kwenye simu binafsi na kamati haitakubali.

Mafuta yahesabu kwa kilomita. Kondoa ni kama kilomita 160 kutoka mjini. Kwenda na kurudi ni 320, ongeza 80 za mizunguko ya vijijini, unapata 400. Gari la kazi linalokula lita 1 kwa kilomita 8 litataka lita 50 kwa safari moja. Andika hesabu yote kwenye maelezo ya bajeti. Mtathmini akiona umezidisha mwenyewe, anaamini na mistari mingine.

Nukuu za bei za ndani zichukue kwa shilingi, maana tangu 2025 kanuni zinakataza kutoza bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Andika kiwango cha kubadilisha ulichotumia na tarehe yake. Uliza kwenye kila nukuu kama VAT imo. Kwa wanukuzi na wakalimani, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 5, au utabishana nao siku ya malipo. Ulizia kurugenzi ya utafiti asilimia ambayo chuo hukata, na kama mfadhili wako anaruhusu makato hayo. Mfadhili akiyakataza na chuo kikayadai, nakisi inatoka kwenye siku za uwandani, yaani kwenye sampuli uliyoihesabu kwa jasho.

Posho zifuate waraka wa chuo au serikali uliopo. Ukipandisha kidogo ili kuwafurahisha wasaidizi, mkaguzi atakutaka urejeshe, na fedha itatoka mfukoni mwako.

Ukurasa wa kwanza

Una wasomaji wawili na hawajuani. Mwanasheria anatafuta kifungu, msimamo wa mahakama na nani atabadilisha nini. Mwanasaikolojia anatafuta nadharia, kipimo na ulinganisho. Wape wote ndani ya sentensi tano za mwanzo. Kwa mfano wetu ziende hivi: sheria inataka mtoto aahidi kusema ukweli kabla ya kutoa ushahidi. Ushahidi usio na ahadi hiyo huweza kuondolewa, na kesi ikaanguka. Tafiti za nje zinaonyesha ahadi hupunguza uongo, lakini hakuna uliofanywa kwa maneno ya Kiswahili cha mahakamani kwa mtoto anayezungumza Kigogo. Tutalinganisha watoto 130 walioahidi na 130 wasioahidi, na tutasoma hukumu 150 kuona ahadi inachukuliwaje. Matokeo yatatoa maneno ya ahadi yaliyojaribiwa, ambayo Mahakama inaweza kuyaweka kwenye mwongozo wa mahakimu.

Kabla ya kuandika "hakuna uliofanywa", tafuta kweli, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, zikiwemo tasnifu zilizoko maktaba za vyuo vyetu. Mtathmini mmoja akijua utafiti mmoja ulioukosa, ukurasa wote unapoteza uzito.

Barua za kuungwa mkono zisiwe za salamu. Barua inayosema "tunaunga mkono utafiti huu muhimu" haina kazi. Andaa rasimu inayotaja kitu: kwamba ofisi itatoa majalada ya miaka fulani, itaruhusu mahakimu 12 wahojiwe saa za kazi, na itakaa na watafiti nusu siku kusikiliza matokeo. Mpe mhusika wiki 6. Ofisi ambayo mkubwa wake yuko safarini haisaini.

Ombi likikataliwa, omba maoni ya watathmini hata kama hayakuambatishwa. Yapange mafungu mawili, ya mwanasheria na ya mwanasaikolojia. Lugha yao itakuonyesha nani ni nani. Malalamiko yakitoka upande mmoja tu, swali ni zima na sehemu hiyo ndiyo ya kuandika upya. Yakitoka pande zote mbili, rudini kwenye karatasi ya mwanzo.

Likikubaliwa, siku ya kwanza nenda kwa mhasibu wa chuo na mkataba mkononi. Fedha zitapokelewa kwenye akaunti ya taasisi na manunuzi yatapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, kwa hiyo vinasa sauti na gari la kukodi viingizwe kwenye mpango wa manunuzi mara moja. Mkataba ukianza Machi na ombi la manunuzi likaingia Juni, Julai itakukuta na barua za shule zote 10 na kinasa sauti hata kimoja hakijafika.